Toa Ng'ombe, Toa Jeneza

Bega la kulia la Walter Oketch lilikuwa limeshuka hata kabla halijavunjwa. Kamera za miaka ile zilikuwa na uzito wa mbuzi, naye aliibeba yake tangu Televisheni ya Ziwa ilipofunguliwa Kisumu mwaka wa 1984.

Kilikuwa kituo kidogo cha umma: jengo la matofali, mlingoti mmoja, na magari mawili, moja likisukumwa ndipo liwake. Jioni matangazo yalifunguliwa kwa wimbo wa taifa, zikaja katuni, kikaja kipindi cha wakulima wa miwa na wavuvi, kisha habari. Jumapili ilikuwa ya kwaya. Jumamosi ilikuwa ya mieleka, na saa hiyo Kondele ilijaa kwenye kumbi na baa zenye televisheni, watu wazima wakipigana makonde ya furaha kila mtu alipovunjiwa kiti mgongoni.

Walter alishughulikia kipindi cha "Buriani." Kilitangaza vifo: picha ya marehemu, ukoo wake, wake zake kwa mpangilio walivyoolewa, siku ya kumzika. Familia nyingine zilipigiwa pia picha za matanga. Akina mama walimsimamisha Walter sokoni kumshukuru, kana kwamba ndiye aliyewazika watu wao.

Kanda zilikuwa adimu. Iliyobeba kwaya wiki hii ilifutwa wiki ijayo kwa mieleka. Kazi hiyo ya kukata na kufuta ilikuwa ya Waithira, binti ya Bildad, muuza mitumba wa Kibuye aliyehamia kutoka Murang'a. Waithira alizaliwa hapo hapo sokoni, na Kijaluo chake kiliwatoa jasho wachuuzi. Walter alimwita Nyar Kibuye, binti wa Kibuye, na yeye alimwita Omera, kama ndugu.

Miaka ya tisini ilipoanza, baba mdogo wa Walter alifariki Mamboleo. Walter akaenda na kamera.

Mwanamume wa Kijaluo haondoki kimya. Kabla hajazikwa, watu wake hukifukuza kifo kilichomchukua: huswaga ng'ombe mbio hadi mpakani, wamejifunga majani kichwani na kifuani, mikuki juu, marungu juu, filimbi zikilia, wakipigana na adui asiyeonekana. Huitwa tero buru. Siku hiyo mbele ya wote alikuwa Joram, mdogo wake Walter, fundi wa magari wa Kondele. Marehemu ndiye aliyemlea. Joram alikimbia barabara ya Mamboleo akidunga hewa, mate yakimtoka, macho mekundu, akipiga kelele, "Toka! Toka, mwizi! Njoo unichukue mimi!" Fahali mmoja alimgonga mtu akamwangusha, waliokuwa nyuma wakamruka. Walter alikimbia nao, jicho kwenye kamera, akilia bila kuacha kupiga picha. Hakukata hata mara moja, kutoka barabarani hadi walipogeuka, wakaingia bomani, hadi Joram alipouchomeka mkuki ardhini kando ya jeneza na kuliangukia.

Siku hiyo hiyo, Kondele iliwaka. Mchuuzi mmoja alikuwa amepigwa risasi, na vijana wakafunga njia kwa matairi. Mpiga picha mwingine wa kituo, Shitanda, alirudi kazini akiwa na shati lililogeuka jekundu. Jiwe lilikuwa limempasua juu ya sikio. Kamera yake ilibaki Kondele ikiungua.

Bwana Ogola, mhariri wa habari, alizunguka chumba kama simba aliyefungiwa.

"Wakubwa wanataka picha za fujo leo. Leo! Niwape nini, damu ya Shitanda?"

Akaiona kanda ya Walter mezani kwa Waithira, iliyoletwa na dereva wa kituo kutoka matangani. Akaitazama mwanzo mpaka mwisho.

"Waithira. Toa ng'ombe."

"Bwana Ogola, haya ni matanga."

"Nimekuuliza? Toa ng'ombe. Toa jeneza. Acha mikuki."

"Lakini baba yako mwenyewe alipozikwa, Walter si ndiye alikupiga picha ukiwa na mkuki—"

Alimpiga kofi. Pete yake ilimchana mdomo. Waithira akakata, damu ikidondoka kwenye vitufe, na usiku huo mji mzima ulimwona Joram Oketch akikimbia na mkuki, sauti ya mtangazaji ikisema wahuni wenye silaha wamewashambulia askari Kisumu.

Walter alikuwa bado matangani. Hakuna aliyekuwa na televisheni pale. Habari ililetwa na lori la askari.

Walivunja mlango wa nyumba ya Mama Dorca, mama yao, hapo hapo bomani, ingawa haukuwa umefungwa. Walimtoa Joram akiwa bado na majani kichwani. Mmoja aliikanyaga mikono yake juu ya kizingiti, mwingine akaipiga rungu, kidole baada ya kidole.

"Ndio ilishika mkuki, sindio? Shika sasa!"

Mama Dorca aliwarukia. Alipigwa buti la tumbo, akaangukia sufuria za wapishi, uji wa moto ukammwagikia miguuni. Walter alishikwa mikono na wajomba zake, watu wanne, wakimwambia, "Tulia, omera, tulia, watakuua na wewe."

Kesho yake alikwenda kituo cha polisi. Sajini wa zamu hakumruhusu hata kukaa.

"Afande, ilikuwa msiba. Tulikuwa tunafukuza kifo."

"Nimeona na macho yangu. Kwa televisheni. Televisheni yenu inadanganya?"

"Imekatwa, afande."

"Basi lete isiyokatwa. Na uharakishe, Mzee. Ndugu yako hatakaa sana huku." Alicheka. Kutoka nyuma ya ukuta Walter alisikia sauti ya mtu akipigwa, na aliijua sauti hiyo tangu utotoni.

Waithira alimngojea nje ya jengo la televisheni, mdomo umevimba.

"Ogola ameniamrisha niifute kanda yako. Mieleka ya Jumamosi irekodiwe juu yake."

"Umefuta?"

"Mimi ndiye nilimkata yule kijana, Omera. Ningemfuta pia?"

"Tuwapelekee polisi."

"Wataichoma. Kondele nzima itakuwa imekaa mbele ya televisheni Jumamosi. Hata askari hutazama mieleka." Akashusha sauti. "Tuanze na jeneza, halafu turudi nyuma."

"Hapana. Tukiigusa, watasema tumeunganisha mambo mawili. Iende nzima, kama nilivyokimbia nayo."

Ulikuwa uamuzi wa mpiga picha. Waithira hakuupenda, lakini alikubali.

Jumamosi walilisukuma kabati la chuma mlangoni mwa chumba cha kurushia matangazo. Muziki wa mieleka ulipoisha, kwenye kumbi zote za Kondele ilitokea barabara ya Mamboleo, vumbi, ng'ombe. Watu walizomea. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa walianza kuwajua watu wao.

Simu ililia. Waithira aliing'oa waya. Baadaye ukaja mlio wa gari, miguu ya askari, na ngumi mlangoni.

"Waithira! Fungua, mbwa wewe! Walter!" Alikuwa Ogola.

Kwenye kioo Joram bado alikuwa barabarani, anadunga, anatukana. Yeyote ambaye angewasha televisheni dakika hiyo angeona fujo tupu. Mlango ukapigwa teke. Kabati likasogea. Walter aliweka mgongo wake juu yake.

"Wamefika wapi?"

"Wanageuka. Wanarudi na ng'ombe."

Panga lilipenya kwenye ubao wa mlango juu ya kabati, karibu na shingo yake. Alilishika kwa kiganja kitupu, likamkata hadi mfupa, hakuachilia.

"Wamefika wapi, Nyar Kibuye?"

"Langoni. Wameingia bomani... Omera, jeneza. Ndilo lile. Joram anashuka."

Mlango ukaanguka pamoja na kabati, na Walter chini yake. Askari walipita juu. Rungu la kwanza lilivunja bega la kulia. Waithira aliburutwa kwa nywele kutoka kwenye mashine akiwa amezikumbatia, na mtu akaupiga mtambo kwa kitako cha bunduki mpaka kioo kikawa cheusi.

Lakini Joram alikuwa ameshaliangukia jeneza. Kondele ilikuwa imemwona.

Watu walitoka kwenye kumbi, wakaenda kituo cha polisi wakiwa wengi kuliko siku ya matairi. Hawakubeba mawe. Walijifunga majani. Walipuliza filimbi mpaka alfajiri, na asubuhi lori likamtupa Joram kwenye lango la hospitali, akiwa hai, vidole vyake vimevimba kama ndizi mbivu.

Walter alikaa jela, akatoka na bega lililoganda. Waithira alifukuzwa, akarudi kwenye kibanda cha baba yake Kibuye, na kila Krismasi alimletea Mama Dorca blanketi. Kanda ile ilirekodiwa mieleka juu yake.

Mama Dorca alifariki mwaka wa 1998. Siku ya mazishi alikuja kijana wa kukodishwa, na kamera ndogo inayoenea kwenye kiganja. Ndugu wa mbali waliishi nje, walitaka kuona.

Joram alisimama mbele ya jeneza la mama. Vidole vyake havikuwahi kukunjika tena. Alijaribu kulisawazisha ua moja juu ya kifuniko, likamponyoka, akajaribu tena. Wanawake walikuwa wanalia kwa sauti, wajomba wanagombana kuhusu kaburi, fahali wa kuchinjwa wanavuta kamba zao. Kijana wa kamera aliwageukia fahali.

Walter alimshika bega, kwa mkono wa kushoto.

"Wewe. Anza na jeneza."

"Lakini Mzee, kule ndiko kuna mambo—"

"Anza na jeneza," alisema. "Halafu fuata mikono ya yule pale. Usikate."