Tofali Lenye Alama ya Gumba

Saa mbili asubuhi tanuri linafunguliwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupanda.

Limesimama katikati ya uwanja ulio kando ya kijito, refu kupita mtu mzima, na udongo uliokandikwa ukutani kwa nje umepasukapasuka kwa moto. Liliwaka siku tatu, likaachwa lipoe wiki nzima. Ndani yake mna matofali elfu ishirini, kazi ya watu kumi na wawili kwa mwezi mzima na ushee. Wenyewe wamesimama mikono viunoni. Mmoja anajikuna shingo, mwingine amekumbuka ghafla kufunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

"Jamani, tanuri haling'ati," anasema mwanamke mfupi aliyevaa shati la kiume na buti za mpira, moja nyeusi na moja ya kijani. "Au tunangoja mgeni aje atufungulie?"

Anapanda mwenyewe. Anatoa tofali la juu kabisa, analipuliza majivu, analigeuza. Kwenye pembe moja kuna kishimo kilichobonyezwa kwa kidole.

"La kwangu, na limeiva. Haya, nani anafuata?"

Kila mtu hapa humwita Mama Gumba. Ni mjane wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto watatu, na amefyatua matofali kwa miaka kumi na mmoja. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli kwa sababu ya alama yake, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Wasiwasi wa asubuhi hii una sababu. Hili ni tanuri la kwanza la kikundi ambamo kila tofali lina alama ya aliyelifyatua. Likitoka bovu, mwenyewe atajulikana. Wamekubaliana kwamba ni tanuri la majaribio: likizaa ugomvi, alama zinafutwa na mambo yanarudi kama zamani. Mama Gumba naye ameshatamka mbele ya wote kwamba zikifutwa, anafunga virago, na safari hii harudi.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Kila mtu alifyatua alivyoweza, matofali yakachanganywa, yakachomwa pamoja, yakauzwa pamoja, na malipo yakagawanywa sawa kwa sawa. Hakuna aliyeulizwa amefyatua mangapi, wala ya namna gani. Mgonjwa alipata fungu lake kama mzima.

Utaratibu huo Mama Gumba haubezi hata kidogo.

"Kikundi kilinibeba," anasema, huku akishusha matofali mawili mawili. "Mume wangu alipofariki sikugusa udongo miezi miwili. Kila walipouza, fungu langu lililetwa mlangoni. Aliyelileta ni huyo hapo, shemeji yangu. Anayesema sina shukrani hanijui."

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye mwenyekiti wa kikundi na ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuombea radhi hata anapotoa amri. Kwa sasa anapanga matofali chini bila kuinua macho.

Kilichomkaba koo Mama Gumba ni matofali mabovu. Fundi mwashi anayenunua hapa kwa wingi alikuwa akirudi kila mara na mkokoteni wa vipande. Mengine yalimeguka kabla hata hayajagusa ukuta. Jibu alilopewa lilikuwa lile lile: ni udongo.

"Udongo tuliusingizia mpaka basi," anasema Mama Gumba, na wenzake wawili wanacheka. "Ungekuwa na mdomo ungeshatushtaki. Sisi wenyewe tulijua nani hakandi udongo vizuri, nani anaanua matofali kabla hayajakauka. Lakini ukisema, unaambiwa unachonganisha watu. Basi na mimi nikaanza kulegea."

Anasimama kidogo, anajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Hilo ndilo lililonitisha. Siku moja nilijikuta nafyatua udongo wenye madonge. Nayaona kabisa. Nikajiambia, nani atajua? Mimi! Mimi niliyefundishwa kazi hii kwa kuchapwa viganja! Nikaona hapa nitaoza."

Kesho yake alianza kubonyeza gumba kwenye kila tofali likiwa bado bichi. Kwenye mkutano akaomba mambo mawili: matofali yake yahesabiwe mbali, na yakivunjika arudishiwe yeye. Mkutano uliwaka moto. Mwenyekiti hajasahau neno hata moja la siku hiyo, na Mama Gumba pia hajasahau.

"Shemeji, unataka kujitenga na sisi?" mwenyekiti aliuliza.

"Sitaki kujitenga. Nataka langu likivunjika niambiwe mimi."

"Hapa hakuna langu. Hapa kuna letu."

"Likiuzwa ni letu, shemeji, nakubali. Likivunjika ni la nani?"

Ikapigwa kura ya mikono: kumi na mmoja kwa mmoja. Mama Gumba akabeba kalibu yake, ile fremu ya mbao ya kufyatulia, akavuka kijito na kuanza kazi peke yake. Alikuwa huru kufanya atakavyo, lakini tanuri lilibaki la kikundi.

Kilichofuata anakisimulia bila kujipendelea. Alifyatua matofali elfu mbili. Kwa mfyatuaji wa hapa, elfu moja yaliyoiva ni kodi ya chumba ya mwezi na unga wa wiki mbili, kwa hiyo alikuwa na hesabu nzuri kichwani. Akajenga katanuri kadogo na wanawe, akanunua kuni kwa akiba yake yote, akawasha. Alipofungua, ya katikati yalikuwa yameiva. Mengine, zaidi ya nusu, yalimong'onyoka mkononi.

"Tanuri dogo halishiki joto," anaeleza. "Moto unataka matofali mengi, yashikane, yapashane moto. Mimi nilikuwa nalijua hilo, lakini hasira ilinipofusha. Nilikaa chini nikalia. Upande wa pili wananicheka, na kusema kweli nilistahili kuchekwa."

Wengi wangerudi vichwa chini na kunyamaza. Yeye alivuka kijito akiwa na udongo mpaka magotini na kutoa hoja mpya: moto uwe wa wote, alama iwe yake. Atachangia kuni kama mwingine yeyote, na katika kila matofali kumi atatoa moja kwa ajili ya wagonjwa. Shemejiye alikubali, kwa shingo upande, kwa heshima ya marehemu kaka yake. Wengine walikubali kwa sababu walitaka kuwepo siku atakapoanguka.

Na kweli akaanguka. Haukupita muda, fundi mwashi akaja na mkokoteni wa vipande, na miongoni mwake yalikuwamo matofali tisa yenye gumba.

"Walikuja kunitazama kama watu walioalikwa harusini," anasema. "Mpaka mama muuza chai aliacha birika lake. Shemeji akainua moja juu, akaniuliza, 'Na hili nalo?' Nilitaka kusema ni udongo. Wallahi, neno lilikuwa limeshafika mdomoni."

"Ulisemaje?" anauliza kijana aliyejiunga juzi, ingawa bila shaka ameshasimuliwa.

"Nilisema, hilo ni mimi. Mvua ilikuwa inakuja, nikayaingiza tanurini yakiwa hayajakauka."

Alichagua matofali tisa mazuri kwenye lundo lake, akayapakia kwenye toroli, akayasukuma mwenyewe mpaka mjengoni, akaomba radhi. Vile vipande vingine, visivyo na alama, vilibaki pale uwanjani. Hakuna aliyevikaribia mpaka mvua ikaviyeyusha.

Fundi mwashi, mwanamume wa maneno machache ambaye asubuhi hii amekuja kuchagua mzigo wake, anakumbuka siku ile vizuri.

"Tangu hapo naagiza ya gumba," anasema. "Si kwamba hayavunjiki. Yanavunjika. Ila likivunjika, najua pa kwenda."

Habari zikasambaa. Wanunuzi wakaanza kugeuzageuza matofali wakitafuta kishimo cha gumba, na hapo ndipo wenzake walipozinduka. Mmoja akaanza kubonyeza kizibo cha soda. Mwingine akachora mistari miwili kwa ukucha. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kukubali. Alama yake ni ufunguo wa kufuli la nyumbani kwake, aliouchagua, kwa maneno yake, "kwa sababu hauko mbali na mfuko."

Si wote waliofurahi, kwa sababu sasa kila mtu analipwa kwa matofali yake. Mfyatuaji mkongwe kuliko wote, anayeitwa Mzee Redio kwa sababu haachani na redio yake ya betri, ambaye alama yake ni kitako cha betri, mikono yake imeanza kutetemeka. Enzi za kugawana sawa, hakuna aliyeliona hilo. Sasa linaonekana.

"Nilikuwa mtu wa kikundi," anasema bila kupunguza sauti ya redio. "Leo mimi ni mtu wa matofali mia mbili. Wananipa na ya wagonjwa. Mimi si mgonjwa."

Mama Gumba anayasikia. Ndiye aliyependekeza mzee awe msimamizi wa moto, kazi inayolipwa na wote kwa kuwa tanuri ni la wote, na mzee aliikubali baada ya siku mbili za kununa. Hata hivyo, salamu mzee anazompa Mama Gumba siku hizi ni fupi.

"Ana haki ya kuninunia," anasema Mama Gumba kwa sauti ya chini. "Nikiwa na umri wake nitalitamani fungu la zamani, najua. Mikono hii nayo itachoka."

Kufikia saa nne, nusu ya tanuri imeshuka chini. Matofali yamepangwa kwa alama: vizibo huku, kucha kule, magumba pale. Utani umerudi, na aliyekuwa anajikuna shingo sasa anatembea kifua mbele. Ndipo safu nzima ya upande wa kijito inapotoka, imepauka na kujaa nyufa. Mama Gumba anagonga tofali moja kwa jingine. Badala ya mlio, yanatoa vumbi.

Analigeuza moja. Ni ufunguo.

Kijana wa juzi anazima redio ya mzee, na mzee hamkemei. Mwenyekiti anasogea, anachukua tofali, analigeuza upande wenye alama. Ndiye mwenye kauli hapa. Akisema alama zimeleta fedheha, zinafutwa leo, na mwanamke aliye mbele yake anavuka kijito kwa mara ya mwisho.

"Ni..." anaanza, na kila mtu analijua neno linalofuata.

Anapitisha kidole kwenye alama ya ufunguo.

"Ni mimi," anasema. "Nilikuwa na haraka, sikukanda vizuri. Fundi, haya usiyahesabu. Nitakufyatulia mengine."

Fundi mwashi anatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa habari ya kawaida tu. Mama Gumba anamsogezea shemejiye toroli, anashika safu upande mmoja, shemejiye anashika upande wa pili, na wanaanza kuyaondoa. Macho ya Mama Gumba yamelowa, naye anasingizia majivu.

Baadaye, akiwa ameketi juu ya lundo lake na kikombe cha chai, anaeleza mpango wake. Ana kiwanja kidogo kisicho mbali na hapa. Anataka kujenga vyumba viwili na baraza kabla ya mwaka kwisha, aachane na kupanga.

Ni rahisi kudhani kwamba mwanamke aliyegombana na kikundi kizima kwa ajili ya gumba lake atajenga kwa matofali ya gumba tupu. Anaangua kicheko.

"Ya peke yangu nilishajaribu, na umesikia yaliyonipata. Nitanunua kwa kila mmoja. Vizibo, kucha, betri ya Mzee Redio, vyote viwe ukutani kwangu. Halafu sitapiga lipu kwa ndani. Nikiona ufa, nijue usiku huo huo nimgongee nani mlango."

"Kwangu uje asubuhi, shemeji," anasema mwenyekiti kutoka kwenye shimo la udongo, ambako ameshavua shati na anakanda upya, taratibu, kwa miguu yote miwili.