Samaki Matumbo Juu

Zuwena binti Radjabu hakuwa mtu wa kudharau kwa rejareja. Alidharau kwa jumla, mtaa mzima kwa mpigo mmoja, akiwa ameketi barazani kwenye cherehani yake, mguu haukomi kukanyaga. Akipita kijana aliyetia mikono mifukoni, alisonya. Akipita mzee aliyetia jamvi kwapani kwenda kujinyoosha, alisonya kwa kuvuta, mpaka mzee mwenyewe akageuka. Alikuwa fundi mzuri, hilo hata wabaya wake walikubali, lakini ukipeleka kitambaa kwake ulijua utarudi na nguo pamoja na mahubiri.

Waliomkera kuliko wote ni wavuvi. Ndagala, dagaa wa huku kwetu, huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukishakuwa mpevu ziwa lote huwa jeupe, samaki hawaitazami taa ya mtu, basi ekipe zote, yaani makundi ya wavuvi, huvuta mitumbwi nchi kavu na kungoja giza lirudi. Wavuvi hushona nyavu kidogo, hucheza karata, hulala, huamka kula, hulala tena. Na kwa kuwa ndizo siku ambazo wanaume wako nyumbani, harusi nyingi za ufuko huu wa Kizuka hupangwa humohumo, mbalamwezi ikiwaka. Mji umejinyoosha, na Zuwena ndiye anayeushonea mji nguo.

"Ona bale banaume," alikuwa akiwaambia wateja. "Macho imevimba juu ya kulala. Mwezi ndio unawalipa?"

Aliyefuata kwa kudharauliwa alikuwa Rachelle, aliyeitwa pia Mama Samy, fundi mwenzake wa kibanda cha pili, mama wa Kikristo aliyevuka kutoka Kivu ya Kusini. Rachelle alikuwa na kawaida moja: kila siku, watu wakishatoka sala ya adhuhuri, alifunika cherehani yake kwa kitenge kikuukuu, akatandika mkeka chini ya meza ya kukatia, akalala. Mteja akija angoje. Zuwena aliona hiyo ni aibu ya kazi nzima ya ushonaji.

"Muende kwa Mama Samy," aliwaambia waliolalamika kwamba yeye ni ghali. "Mungoje aote nguo zenu."

Sasa, mwanamke huyu aliyejua makosa ya kila mtu alikuwa na picha moja ukutani sebuleni. Ni picha ya harusi ya Mariyamu, binti yake mkubwa. Bibi harusi amesimama amependeza, shangazi zake wamemzunguka wamependeza, nguo zote mkono wa Zuwena, na pembeni kwenye kiti yuko Zuwena mwenyewe, kichwa kimelalia bega, mdomo wazi. Alishona mpaka saa ya kumtoa bibi harusi, akaketi apumue kidogo, basi. Ukimuuliza, atakwambia mpiga picha alikuwa mjinga, alimkamata akipepesa macho. Mtu anapepesa macho na mate yanamtoka? Lakini nani angemwambia.

Mariyamu aliolewa Kabezi, na picha hiyo hakuichukua. Hilo nalo Zuwena alilipatia dharau yake. "Iko na nyumba ya matofali na kuta mutupu," alisema. "Batoto ba siku hizi hawana shukrani."

Ikaja zamu ya Asiya, kitinda mimba, aliyeposwa na Hamidu, kijana wa ekipe. Mama yake Hamidu, Hadjara, ni mwanamke wa heshima zake, mwenye mitumbwi na mwenye maneno machache. Akanunua yeye mwenyewe kitenge cha sare kwa wanawake wa pande zote mbili, robota la mwisho dukani: samaki wa fedha wakiogelea chini ya mawimbi ya bluu. Akalileta kwa mkwe mwenzake ashone.

Asiya akamwambia mama yake, "Mama, zingine uzipe Mama Samy akusaidie. Mimi nataka siku yangu uwe macho. Niko naomba hiyo tu."

Zuwena alicheka kwa pua. Ampe Mama Samy? Sketi za harusi ya mwanawe zikalale chini ya meza? Akashona blauzi zote bila kupumzika, na zilikuwa safi. Kisha akaingia kwenye sketi, za kumwagika chini, nyembamba kiunoni. Macho yalikuwa yanamwasha kama ametiwa mchanga. Alikunja kitenge tabaka juu ya tabaka, akachora mara moja, akatia mkasi mkubwa, akakata zote kwa mkupuo. Alijisifu kwa sauti, Rachelle asikie.

Hadjara alipokuja kujipima, alivaa sketi iliyoshikizwa kwa uzi, akajitazama chini. Kisha akashika kitambaa kwa vidole viwili.

"Mama Mariyamu," akasema, "hii samaki iko matumbo juu."

Ilikuwa kweli. Zuwena alikuwa ametandika kitenge juu chini, na sketi zote, bila kubakisha hata moja, zilikuwa na samaki waliopinduka, matumbo angani, mawimbi chini yao. Samaki wa namna hiyo kila mtoto wa hapa anamjua: ni samaki aliyekufa, anayeelea. Na wanawake wa ekipe waende nazo harusini, siku chache kabla wanaume wao hawajarudi ziwani?

"Kama hamututaki, mungesema," Hadjara akasema. Akavua sketi, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaenda zake bila kuaga.

Asiya alikuwa mlangoni. Hakulia, alikauka tu. Zuwena naye, badala ya kutulia, alifanya lile alilolijua: akakaa kwenye cherehani. Akafumua, akaunga, akageuza kipande kimoja akakuta kiuno kimekuwa kipana kama mlango, akakitupa, akachukua kingine. Sindano ikamchoma kidole. Alimtukana muuza kitenge, akamtukana aliyekichapa, akamtukana Hadjara kwa macho yake makali, na kila alichokigusa kilizidi kuharibika.

Alipokwenda kusali adhuhuri, akarudi, akakanyaga, gurudumu halikuzunguka. Mkanda wa cherehani haukuwapo.

"Asiya!"

"Ninao mimi," Asiya akajibu kutoka ndani. "Mpaka ulale, Mama. Ukitaka unipige, nipige."

Zuwena akautupa mkasi mezani. Basi akaingia chumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake, ili kuwaonyesha wote jinsi jambo hili lilivyo la kipumbavu. Atahesabu mabati ya paa halafu atoke. Hakufika mbali. Alilala fofofo, akakoroma mpaka Rachelle, kule kibandani kwake, akainuka kwenye mkeka kusikiliza, akacheka, akalala tena.

Alizinduka jua limelala. Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi hakurukia chochote, mwili ulikataa. Alibaki chali, akitazama chandarua kilichoning'inia juu yake. Kitambaa kipana kile chote, na pale juu kimekusanywa kwa kamba kikawa ngumi moja tu. Akakitazama, akakitazama. Kiuno kipana si kukata. Kiuno kipana ni kukusanya.

"Asiya, leta mukanda!"

Aligeuza kila sketi juu chini, pale palipokuwa pana akapakusanya marinda kiunoni, na pale chini palipobana miguu akapapasua na kutia pindo pana la satini ya bluu. Samaki wakarudi kuogelea. Sketi ilikaa nyongani vizuri kuliko yoyote aliyowahi kushona. Na safari hii nusu ya vipande vilikwenda kwa Rachelle, ingawa Zuwena alivipeleka kwa uso wa mtu anayetupa takataka.

"Murakoze, asante sana, Mama Mariyamu," Rachelle akasema, kwa upole wa kuudhi. "Ulilala vizuri?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Tulikusikia unafikiri."

Hadjara alivaa, akazunguka mbele ya kioo, akatoa neno moja, "Sawa," na kwa Hadjara hilo ni shairi. Siku ya harusi Asiya alitolewa ndani kwa vigelegele, na Zuwena alikuwa ameketi mbele, macho kayatoa, analia waziwazi kama mtu asiye na haya. Wanawake wa Kizuka walimfuata kwenye sinia za pilau kumwomba mshono uleule. Yeye akawaambia wazo lilikuja akiwa kazini. Uongo mtupu.

Picha ilipokuja akaitundika kando ya ile ya kwanza, na kila mgeni alionyeshwa. Mariyamu alikuwa amekuja kumsaidia mama yake usafi baada ya shughuli. Akasimama mbele ya picha mbili hizo, ufagio mkononi.

"Hapa uko macho," akasema.

"Ile yako, mupiga picha alikuwa mujinga, alinikamata..."

"Mama."

Zuwena akaacha. Akatazama ile picha, yule mama mwenye mdomo wazi, na bibi harusi ambaye, sasa aliona, hakutazama mpiga picha kama wengine. Alikuwa anatazama kiti.

"Nilikuwa nimelala," Zuwena akasema. "Harusi ya kwako sikuiona, mutoto wangu."

"Ninajua," Mariyamu akajibu, akarudi kufagia. "Ndiyo sababu sikuiomba ile picha."