Roboti ilipokwama Kibati, Papa Muhindo alikimbia kuisukuma

Wakuu, heshima kwenu. Hapa sitii chumvi hata punje, mambo yenyewe yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Mimi ni fundi wa umeme, nina kibanda Birere, Goma. Injinia mmoja, mama kutoka Kinshasa, alinipa kazi kwenye kiwanda cha zamani upande wa Kibati. Kilikuwa kinabomolewa, na ndani kulikuwa na kifaa cha kupimia chenye chanzo cha mionzi, kadogo kama kidonge. Kasha lake lilikuwa limepasuka.

Mtu haingii humo. Inaingia roboti yenye minyororo kama tingatinga, mkono wa chuma na kamera. Mimi naiendesha kwa remote nikiwa nyuma ya ukuta mnene, natazama screen.

(Nilijidai sana mtaani. Mke wangu alinichoka.)

Papa Muhindo, mzee wa Butembo, jirani yangu Mabanga, alikuwa mlangoni akiachia taratibu kebo inayopeleka umeme wa jenereta kwenye roboti. Maisha yake yote amesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Aliambiwa asivuke mstari mwekundu. Akakubali.

Siku ya kazi, mkono ulikamata kile kidonge. Zilibaki kama mita mbili kufika kwenye chombo kizito cha kukifungia.

Roboti ikakwama. Mnyororo mmoja uliingia katikati ya mawe ya volkano. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, wapi.

Mara nikaona kiatu kwenye screen.

Papa Muhindo alikuwa amevuka mstari, anakimbia, mikono mbele.

Nilipiga kelele. Jenereta ilikuwa inanguruma pembeni yangu, asingesikia kitu. Kuizima maana yake mkono unalegea, kidonge kinapotelea kwenye mawe, na mimi nabaki kipofu.

Nikaizima.

Screen ikawa nyeusi. Nikaita, "Papa, rudia nyuma! Usiguse!"

Wakuu, niliogopa vibaya mno. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mkewe, mama Muhindo, maana kazi hiyo mzee nilimtafutia mimi.

Kisha nikasikia viatu kwenye changarawe, vinarudi.

Injinia alisoma kipimo cha mionzi ambacho mzee alikuwa amevaa kifuani. Akakisoma tena. Akasema mzee amepata mionzi kidogo, haitamdhuru. Nikamgeukia mzee.

"Papa, kwa nini? Ulikimbia juu ya nini?"

Alikuwa anatazama mikono yake. "Ilikwama. Hapa kwetu mutu akikwama, tunasukumaka. Sikuwaza hata kidogo."

Barabara zetu ni mawe matupu. Ukiona chukudu imekwama kwenye mlima, unaweka mzigo wako chini, unasukuma, hata kama humjui mwenye chukudu.

Kuinasua roboti tukiwa mbali, na kukitafuta nayo kile kidonge hadi kukifungia, kulituchukua siku mbili zaidi. Kebo nilimpa mtu mwingine. Papa alinuna.

Nilichojifunza: tulimfundisha mzee mstari mwekundu, hatukuuliza mikono yake imezoea nini. Kosa hilo ni letu.

Wiki iliyopita pikipiki yangu ilizama kwenye tope Mabanga. Kabla sijashuka nikasikia mtu anasukuma nyuma. Nikageuka, ni yeye, suruali imejaa matope.

"Hii naruhusiwa?" akaniuliza.

Nikashuka tukasukuma pamoja, machozi yakiwa karibu.

Wakuu, nyie mngeizima ile jenereta? Na kazini kwenu, ni mazoea gani mazuri yaliyowahi kukaribia kuua mtu? Karibuni.