Muzee Mwenye Gari Haikumuona

Mimi ni elektrisie wa magari. Kazi yangu ni kutafuta sababu. Taa ikizimika, kuko waya imekatika; moteri ikikataa, kuko kitu inakosa. Donc ukinisikia nasimulia hii, usifikiri ni mutu wa kupenda hadisi za mizimu. Ilikuwa muchana, nilikuwa na akili yangu yote, na ata bia moja sikukunywa. Ukipenda niamini, ukipenda kataa. Mais sikiliza paka mwisho, kisha uniambie wewe ungefanya nini.

Patron wangu, Papa Mbusa, anauzisha mabati, simenti na misumari hapa Butembo. Siku moja akaleta gari yenye sisi wote tulikuwa tumeona paka mu télé. Jina ya kampuni sitaitaja. Ujue tu ni ile ndefu, nyeusi, ya milango ine, yenye kampuni inaweka mbele ya gari zake zote, ile inabebaka bapresident. Ilitoka Dubai, ikapita Mombasa, ikaingia na mupaka wa Kasindi juu ya lori, imefunikwa na bâche, turubai nzito, juu Papa Mbusa hakutaka ikanyage matope mbele ya siku yake. Siku yake ilikuwa ndoa ya binti yake kule Beni.

Mimi njo nilipewa kuijifunza. Muda wa juma tatu nilisoma kitabu yake ya Kifaransa, nene kupita misale ya padri. Acha nikuambie kidogo. Mulango, ukiisukuma polepole, inamaliza kujifunga yenyewe. Kiti ya nyuma inalala, inatoa fasi ya kuweka miguu, inakukanda mugongo sawa mikono ya mutu. Gari inakaa juu ya hewa, hapana juu ya ressort za chuma, na ikikuta mashimo inajipandisha. Vitre za madirisha ni mbili-mbili, zimeshikana, kusudi makelele ya inje isiingie. Na kuko kamera yenye inaona joto ya mwili. Mutu akiwa mu giza ao mu ukungu, anatokea mu ekrani na rangi ya manjano mbele ya macho yako kumuona. Nilimuambia bibi yangu asimame nyuma ya migomba yetu. Nikamuona mu ekrani paka bidole.

Siku moja mbele ya ndoa, Papa Mbusa na famille yake balikuwa bamekwisha kufika Beni. Nikabakia mimi kupeleka gari, peke yangu. Mvua ilinyesha tangu asubui. Saa munane ikaacha, nikatoka. Wewe mwenye unajua barabara ile unajua kitu inafuata mvua: ukungu inapanda kutoka mu mabonde, inafunika mashamba, inafunika njia, unaona paka kofia ya moteri yako.

Nyuma ya kupita kijiji ya Maboya nikaona mutu kando ya barabara. Sikiliza vizuri: nilimuona na macho. Mu ekrani hakukuwa mutu. Muzee, koti ya kahawia, kofia mu mukono, amesimama sawa mutu mwenye kungojea gari yake. Nikuambie kweli, ile ekrani ilinishangaza kupita muzee mwenyewe. Nikasema mu roho: ni fusible imeungua. Nikasimama.

Akaomba nimufikishe mbele kidogo. Kwetu muzee haumuachi mu baridi. Akafungua mulango ya nyuma, upande wa kuume, akatosha kitambaa cheupe, akapanguza chini ya kiatu moja, kisha ingine, njo akaingia. Akaachilia mulango, akaangalia ginsi inajifunga. Akacheka kidogo. Akafunga mukanda.

Mu tableau, mbele ya usukani, kuko picha ya biti yote ya gari. Mutu akikaa, kiti yake inapata taa. Kiti yangu tu njo ilikuwa na taa. Bon, nikasema, fusible mbili.

Tukaenda. Sasa, muzee akaanza kuuliza. Mugongo inakandwa na hewa ao na chuma? Kamera iko ngapi? Nikamuambia, na kila kitu nilimuambia, yeye akanionyesha ilitoka wapi. Alisema ya kwanza kabisa, ya wakati wa Zaïre, ilikuwa na usukani mukubwa sawa sahani ya fufu, na kitu ya ajabu ndani ilikuwa paka frein zenye haziachi magurudumu yateleze. Yenye ilifuata ikaleta mifuko ya hewa. Ingine ikaleta milango ya kujifunga. Alisema bafundi banaanza na kiti ya nyuma, kisha banajenga gari yote kuizunguka, juu mwenye kununua hakaake mbele. Na mbele ya kuiuzisha banaivalisha karatasi ya mistari nyeusi na nyeupe, mutu asitambue sura yake, banaipeleka mu barafu, banaipeleka mu jangwa, miaka na miaka, paka ichoke kukosea.

Mimi nilikuwa na furaha, usinicheke. Mu Butembo muzima sikukuwa na mutu wa kuongea naye ile gari. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akajibu alikuwa shofere wa mukubwa moja wa biashara ya kahawa. Tatu za ile gari alizitembeza, moja nyuma ya ingine.

"Na hii kiti yenye nimekaa," akasema, "mimi njo nilikuwa naipanguza kila asubui. Sikuikaliaka ata siku moja."

Nikalalisha kiti yake, nikawasha kile kinakanda mugongo. Mu kioo nilimuona amefunga macho.

Tukafika ku barrière. Mwanajeshi mwenye alikuwa pale hakuwa wa kwetu, Kiswahili yake ilichanganyika na Lingala. Akainama ku vitre yangu, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akazungusha macho mu gari yote.

"Chef, gari ya mokonzi," akasema, "na mokonzi haiko ndani. Uko weye moja?"

Mokonzi ni mukubwa mu Lingala; nilizani anafanya muchezo. Nikacheka, akacheka, akainua muti ya barrière. Nikaangalia mu kioo. Muzee alikuwa pale pale, kofia juu ya magoti. Hakucheka. Unafikiri niliogopa? Hapana. Nilifikiri mwanajeshi amechoka. Mutu anaweza kuwa na sababu mbele ya macho, na bado atatafuta ingine.

Kisha Papa Mbusa akapiga simu, sauti yake ikajaa mu gari yote. Akauliza niko wapi. Akasema bakwe bamekwisha kufika, banataka kuona gari mbele ya jioni, nisisimame fasi yoyote, nisijali mashimo, gari ile ilifanywa kwa kupita. Nikajibu ndiyo, Papa. Akakata.

Muzee akafungua macho. "Ile sauti ni ya baba yake," akasema. Nikaongeza mwendo.

Tulikuwa tunashuka mu bonde kwenye kuko kijito kidogo inapita chini ya barabara, mu buse, bomba kubwa ya simenti. Ukungu ilikuwa imepunguka. Barabara niliiona: nzima, pana, haina ata ufa. Kamera ilionyesha njia wazi. Tableau ilinyamaza. Mu gari kulikuwa kimya sawa mu kanisa katikati ya juma.

"Simama," muzee akasema. Hakupandisha sauti. "Fungua vitre. Sikiliza."

Nikasimama, nikafungua. Mama yangu, nikasikia maji. Hapana maji ya kijito. Ilikuwa ginsi ngurumo inafanyaka ikiwa mbali, na ilitoka chini ya barabara yenyewe. Nikashuka. Nikatwaa jiwe kubwa ya kando, nikaitupa mbele, meta kumi hivi. Jiwe ikapita. Ikaingia mu udongo sawa mu unga, na nyuma yake upande wote wa barabara ukaenda, polepole, bila haraka, ukaacha shimo yenye lori ingelala ndani. Maji ilikuwa imekula chini yote na kuacha ngozi ya juu.

Sikupata wakati wa kushukuru. Nyuma yangu nikasikia lori ya Fuso inashuka, imejaa mifuko ya viazi, na bamama juu ya mifuko. Nikakimbia kupanda mulima, nikavua shati, nikaipunga. Ikateleza, ikasimama karibu na gari ya patron, mukono moja tu kati yao. Mama moja, Mama Kahindo, anauzisha viazi paka leo mu soko ya Beni, njo alishuka wa kwanza. Akaniuliza nilijua namna gani. Nikasema muzee mwenye kuwa mu gari njo aliniambia.

Akaenda kumusalimia. Akafungua mulango ya nyuma. Kiti ilikuwa imelala, inaendelea kukanda. Mukanda ilikuwa imefungwa. Mutu hakukuwa. Tukatafuta alama ya miguu mu matope upande ule: ata moja. Mama Kahindo akafanya musalaba, akafunga mulango na mikono miwili.

Tulifika Beni kesho yake asubui, tumepitisha gari mu shamba ya mutu, bakijana kumi na saba banaisukuma, matope paka ku vitre. Papa Mbusa alikuwa na hasira sana paka niliposimulia. Nilifikiri atanicheka. Mais mama yake muzee, Koko Masika, alikuwa amekaa pale, na nilipofika ku kitambaa cheupe akaangusha kikombe.

Akauliza aliipanguza kiatu gani ya kwanza. Nikasema ya kushoto. Akasema: "Ni Kakule."

Njo alisimulia kitu Papa Mbusa hakuijua, juu alikuwa mutoto. Kakule alikuwa shofere wa bwana yake Koko, baba ya Papa Mbusa, yule mukubwa wa kahawa. Siku moja ya mvua, mu bonde ile ile, Kakule alisimama mbele ya maji, akaomba kushuka kuangalia. Bwana akamuambia apite, gari ilifanywa kwa kupita. Maji ikabeba gari. Mwenye kukaa nyuma akatoka. Mwenye kukaa mbele hakutoka. Na ku matanga mukubwa hakufika. Alituma mutu. Famille ya Kakule ikahamia kijiji ya Masereka, kule mulimani, na jina yake haikutajwa tena mu nyumba ya mukubwa.

 Ndoa ikapita vizuri, binti alienda kanisani na gari ya mujomba. Juma iliyofuata Papa Mbusa akaniambia tupande Masereka, yeye, mama yake na mimi.

Tulikuta mujane wa Kakule anapalilia vitunguu. Mama Kavira, muzee sana, macho makali. Papa Mbusa akapiga magoti mu udongo, akasema alikuja kuomba musamaha ya baba yake. Mama Kavira akaacha kupalilia. Akasema vizuri, umefika, simama utachafua suruali. Kisha akanigeukia mimi.

"Alisema kitu juu yangu?"

Ungejibu nini? Nikamuambia kweli. Nikasema hapana, Mama, aliongea paka juu ya gari.

Akaanza kucheka. Akacheka paka machozi, akajishika ku jembe. "Basi ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Nilipima ile gari na valise, mashini yetu ya kusoma makosa. Mara tatu. Fusible zote nzima, kamera nzima, biti yote inajibu. Hakuna kosa. Na usingizi yangu haijakuwa nzuri tangu siku ile, hapana juu ya woga, juu ya maulizo. Alijua wapi habari ya kamera zenye zilitengenezwa nyuma ya kifo chake, paka aulize ziko ngapi? Nikipita bonde ile ninapunguza mwendo, naangalia kando. Sijamuona tena, na nitakuambia siri: ningependa.

Wewe mwenye utanunua gari ya kimya, ao utapewa kuitembeza, sikatazi. Ni gari nzuri. Mais wakati wa mvua acha vitre wazi bidole mbili, ata kama patron analia na baridi. Na akikuambia pita, shuka kwanza, tembea mbele na miguu yako. Ukisikia maji fasi yenye haupashwi kuisikia, muache apige simu mara ngapi anataka.