Mbabula Zimehama Kwangu

Baraza langu ndilo lilikuwa na bati refu kuliko yote mu parseli yetu, hapa Cimpunda, na kwa mvua ya Bukavu hilo si jambo dogo. Tuko nyumba nne zinazoshikana mu mulima, kiwanja kimoja. Basi wamama wote walileta mbabula zao, yale majiko ya makala, kupikia kwangu. Maharage yanachemka, majani ya sombe yanachemka, midomo nayo inachemka. Tangu muzee wangu afariki na mabinti waolewe mbali, ile kelele ndiyo ilikuwa familia yangu. Sisemi uongo.

Shida ni kwamba niko na asma. Moshi wa makala ukizidi, kifua kinafunga, nakimbilia ndani kuvuta pompi yangu ya dawa, halafu narudi kukaa nao. Ningefanya nini? Niwafukuze? Nilijifanya nimefuata chumvi.

Kisha kituo cha afya cha kartie, mutaa wetu, kikatafuta relais, watu wa kupita nyumba kwa nyumba kufundisha juu ya asma. Wakanichagua mimi, ju niko nayo, na ju niko na mudomo. Eh, nilifundisha! Nilipanda zile ngazi za udongo mpaka magoti yakalia. Asma haiambukizi, niliwaambia, muache mutoto anywe mu kikombe cha wengine. Pompi haiui mutu. Kinachoua ni kuificha mu kabati na kungoja mpaka midomo ya mugonjwa igeuke rangi. Na mbabula, mama zangu, iwekeni mbali na mutu wa asma, musifunge mulango nayo ndani.

Nilipita kila parseli isipokuwa yetu. Nilijua kwa nini.

Lakini siku moja jirani wa mulango wa kwanza, mwanamke wa kucheka sana, akaniambia mbele ya wote: "Maman, unafundisha Cimpunda muzima, sisi tulikukosea nini?" Wakacheka. Nikaona haya. Nikasimama pale pale katikati ya mbabula zao, nikaanza kusema. Nilipofika kwenye habari ya moshi, sauti ikakwama, nikakohoa, nikakohoa tena, nikatoa pompi mbele yao kwa mara ya kwanza.

Jirani akashika kichwa. "Mungu wangu! Kumbe ni sisi tulikuwa tunakuua hivi? Na weye unatuchekea tu!"

Kesho yake waliokota bati za zamani, wakazipigilia kule chini, mwisho wa kiwanja, karibu na choo. Hawakuniomba hata musumari. Mbabula zote zikahama, na viti vikazifuata. Nani angewakasirikia watu wema kama hao? Mimi niliwakasirikia. Nilifunga mulango nikalia.

Sasa napumua vizuri, lazima nikubali. Pompi naitumia mara chache. Jioni nawasikia wakicheka kule chini, lakini sisikii wanacheka nini, na hilo linaniuma kuliko kifua kilivyowahi kuniuma. Wiki iliyopita upweke ulinishinda, nikabeba kiti changu nikateremka. Sikufika hata nusu ya njia. Wote wakasimama, wananifukuza kwa mikono kama kuku: "Maman, rudi! Moshi! Si weye ulitufundisha?" Watu husema muganga hajigangi. Mimi nimejiganga mpaka nimebaki peke yangu.

Nikarudi na kiti changu. Chakula kilipoiva, jirani yule akapanda na sahani ya bugali na sombe, ameifunika vizuri.

"Aksanti," nikamwambia. "Kaa kidogo basi, tuongee."

Akashika kitenge chake, akakinusa, akarudi nyuma.

"Hapana, maman," akasema kwa upole. "Ninanuka moshi."

Akaweka sahani kwenye kizingiti, akateremka kwa wenzake.