Karata za Watu Watatu

Kabla ya kuugua alikuwa dalali wa mnada, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Dalali. Ulimi wake haukuwa na breki. Aliweza kumuuzia mtu kabati lisilo na milango na mtu akaondoka akichekelea. Kiharusi kilipompiga kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kikamchukua na maneno yote, kikamwachia moja tu, lile alilozoea kuwachochea nalo watu wapandishe bei: "Bado." Akiona kiu, bado. Akitaka dirisha lifungwe, bado. Na mkewe akishika kitasa cha mlango, "Bado! Bado!" mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakasikia.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, miaka kumi na mitatu kwenye karakana moja, na sasa miezi kumi na tisa hajakanyaga huko. Mwanzoni alijaribu kutoka mara mbili, mkate tu, na mara zote mbili alirudi akamkuta Dalali amelala kifudifudi ukumbini, kajaribu kumfuata. Tangu hapo mkate ukawa unaletwa na binti yao wa miaka kumi na mmoja akitoka shule. Fundi akabaki na vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Hata akienda kuoga aliacha mlango wazi kidogo na kuimba, ili mumewe ajue yupo. Siku nyingine aliimba huku machozi yanamtoka, na wimbo haukatiki.

Wifi yake, dada mkubwa wa Dalali, mwalimu mstaafu, alihamia kwao kusaidia. Msaada wenyewe ulikuwa kukalia kiti cha dirishani na kutoa maagizo.

"Wifi, huyu anahitaji kuchangamshwa," alisema siku moja. "Mtafutie mchezo. Enzi zake hakuwa na mpinzani kwenye karata."

Basi wakaanza na ule wa wanaume wa mnadani, wa wawili kwa wawili, wenye turufu na hesabu ya pointi. Lilikuwa kosa. Dalali alipanga karata zake mezani, kila mtu akaziona. Akatupa turufu kubwa palipotosha karata ndogo. Mara ya tatu alitambua mwenyewe alichofanya, akafagia meza nzima kwa mkono wa kushoto. Karata zikaenda mpaka chini ya jiko. Binti alizikusanya, na Dalali akageuzia uso ukutani hadi jua likazama.

Fundi hakukata tamaa, ila hakumwambia mtu sababu yake. Jumamosi moja, Dalali akiwa amesinzia, alishuka hadi duka la madaftari lililo mlangoni mwa jengo lao. Hatua themanini kutoka kitandani pa mgonjwa, alizihesabu.

"Nataka mchezo mwepesi wa karata," alimwambia muuza duka. "Mtu aelewe kwa dakika tano. Usiwe na hesabu. Na usiwe wa wenza. Kila mtu ajichezee mwenyewe."

Muuza duka alimtazama juu ya miwani. "Dada, unamtafutia mgonjwa mchezo au unajitafutia upenyo?"

Alicheka ili asijibu. Yule bwana akamkumbusha mchezo ambao kila mtoto anaujua: unatupia namba ileile au ua lileile, kopa kwa kopa, ukikosa unaokota, ukibakiwa na karata moja unasema "kadi", wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Seti ya zamani waliyonayo nyumbani inatosha. Hakumuuzia kitu.

Tatizo la mkono alilimaliza kwa ufundi wake. Alichukua ule utepe mgumu unaoshonewa kichwani mwa pazia, akaukunja marinda manene, akaushonea kwenye ubao. Kila rinda likashika karata moja, imesimama wima, mgongo kwa wapinzani. Dalali aliuzungusha ule ubao mara mbili, akamtazama mkewe, akautazama tena ubao. Jicho lake la mnadani lilikuwa hai bado. Alijua kitu kizuri akikiona.

Tatizo la kusema "kadi" lilimalizwa na binti. "Baba hawezi kusema, na shangazi anamtoza karata mbili kila raundi. Huo ni uonevu. Tugonge meza."

"Sheria ni sheria," alisema shangazi.

"Basi agonge kila mtu, na wewe pia."

Wakagonga. Dalali akashinda raundi ya nne, akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, kicheko cha upande mmoja wa mdomo.

Kumbe fundi alikuwa amejifungia komeo la pili. Kila siku saa kumi kamili Dalali aligonga meza akitaka watu wanne. Fundi akiinuka kutazama sufuria, mchezo ulisimama. "Mwache anyanyuke, sisi watatu tunatosha," binti alisema. "Bado," alisema Dalali, akaweka kiganja juu ya karata. Fundi akarudi kukaa. Alitupa namba, akaokota, akagonga, huku akisikia mabasi yakipita chini. Mchezo aliouchagua kwa sababu haumhitaji ulikuwa unamhitaji kila jioni.

Alhamisi moja alicheza vibaya kuliko kawaida. Alikuwa na karata ya kutupa akaokota, mara tatu mfululizo. Wifi alimkemea. Dalali alimtazama mkewe. Raundi ilipokwisha akamnyang'anya binti zile karata, akazichanganya kwa kuzisukasuka mezani kwa mkono mmoja, kisha akagawa, polepole, moja moja. Kwa dada yake. Kwa binti. Kwake mwenyewe. Kwa dada yake tena.

"Baba, umemruka mama."

Aliendelea kugawa hadi akamaliza.

Fundi alidhani amefukuzwa. Damu ikampanda usoni. Lakini mumewe aliinua kidevu kuelekea ule mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, ukiwa na vumbi kwenye mkanda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza hadi vifundo vimekuwa vyeupe.

"Nenda, mama, kabla hajabadilisha mawazo," binti alinong'ona.

Alishuka ngazi kama mwizi. Alifika hadi njia panda, akasimama. Miguu haikujua iende upande gani. Aliona aibu kusimama pale kama mgeni katika mtaa wake mwenyewe. Mwishowe akaenda hadi karakana. Kwenye cherehani yake alikuta msichana mwingine, mwepesi wa mkono. Bosi alimkumbatia, akasema kuna kazi ya pindo, alasiri mbili kwa wiki, akiweza.

Aliporudi wote watatu walikuwa mezani. Shati la Dalali lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Hajashinda hata raundi moja," wifi alisema kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia. "Macho yote mlangoni. Lakini hakunyanyuka."

Hivyo ndivyo alivyorudi kazini, Jumanne na Alhamisi. Si kila mara. Kuna siku Dalali hugawa kwa watu watatu, na kuna siku mkono humshinda, akagawa kwa wanne. Hapo fundi, ambaye tayari amevaa viatu, hutazama zile karata zilizowekwa mbele ya kiti chake. Kisha huvua viatu, akakaa.