Wapishi Sita Walikimbia, Mimi Nikabaki

Jumatatu asubuhi, mkate wangu wa kwanza kazini ulirushwa dirishani. Mbwa akaunusa, akaenda zake.

"Mpishi! Hili tofali umelitoa wapi?" akauliza Dougal, mmoja wa wakata manyoya ya kondoo.

Wote wanane wakaangua kicheko. Mimi nikacheka kuwashinda.

Kambi ile ya kukata kondoo manyoya, karibu na mji wa Longreach, ilishakimbiwa na wapishi sita msimu huo. Wote walitoka hoteli kubwa kubwa. Wa mwisho aliondoka analia, hata viatu akasahau.

Sasa niwaambie ukweli. Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika kwamba nimepika hotelini miaka kumi na miwili. Uongo mtupu!

Nilikuwa mlezi wa watoto wa chekechea. Mwanamume mzima, kazi yangu kufuta makamasi. Niliona aibu, na chekechea ilishafungwa, sina pa kurudi. Bosi wetu, Mama Noelene, akijua, nimekwisha.

Jumanne Dougal akasukuma sahani. "Boga sili."

"Sawa, kaka. Asiyekula boga, keki haioni."

"Unanitania wewe?"

"Nahesabu mpaka tatu. Moja..."

Akala! Jitu la kilo mia na ishirini limenuna, linatafuna boga! Nilikimbilia stoo nikacheke hukohuko.

Jumatano wawili wakagombana. Nikamkalisha kila mmoja kwenye kona yake mpaka wakaombana radhi.

Ijumaa mvua ikanyesha. Kondoo wakilowa, wakata manyoya hupiga kura ya siri, karatasi kwenye kofia: tukate au tusikate? Walipomaliza, kofia ikazunguka tena.

"Hii ya mpishi: abaki au aende?" Dougal akasema.

Mama Noelene akafungua karatasi. Abaki. Abaki. Abaki. Zote nane!

Niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye boriti. Kwa furaha nikaropoka: "Mama, nisamehe, hotelini sijawahi kufanya kazi!"

Mama Noelene akazirudisha karatasi kwenye kofia.

"Najua," akasema. "Mjukuu wangu ulimlea mwaka mzima kule chekechea. Ungekuwa wa hotelini kweli, nisingekuchukua. Wale wamezoea kusifiwa. Wewe umezoea kurushiwa uji."

"Kumbe wiki nzima tunalelewa!" Dougal akapiga yowe, na banda zima likavunjika mbavu.

Ndugu zangu, msiionee haya kazi mliyoiacha. Huenda ndiyo iliyowafundisha kuivumilia hii mnayoiendea. Mimi huu ni msimu wangu wa tisa.